Kutoka Bumu Hadi Mshahara

Mwezi Oktoba 2022, matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, yalizua mjadala nchi nzima. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 waliondolewa kabisa. Wote hao walikuwa na shahada ya sheria. Bila shahada mtu hapokelewi pale.

Lawama zikaruka kila upande. Wako waliosema vijana wa siku hizi hawasomi. Wako waliovinyooshea kidole vyuo vikuu kwamba vinagawa shahada kama njugu, na wako walioilaumu taasisi yenyewe. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ili ichunguze. Lakini nyuma ya zogo hilo lilikuwapo swali lisilowahusu wanasheria peke yao: mtu aliyefaulu mitihani kwa zaidi ya miaka 15, tangu darasa la kwanza hadi joho, kwa nini apepesuke anapofika mahali pa kufanya kile alichokisomea?

Waajiri wa Afrika Mashariki wameuliza swali hilo muda mrefu. Mwaka 2014 utafiti wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wahitimu katika kila nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule walionekana kukosa ujuzi unaohitajika kazini. Uganda ilikuwa asilimia 63, Tanzania 61, Burundi 55, Rwanda 52 na Kenya 51. Nchi tano zenye mitaala tofauti zilipata jibu linalofanana. Haielekei kwamba kosa lote ni la mtaala mmoja au kizazi kimoja. Kuna jambo ndani ya kazi yenyewe ambalo darasa, hata likiwa zuri namna gani, halimwonyeshi mwanafunzi.

Nani anatunga swali?

Chuoni, wiki ya kwanza tu ya muhula, mwanafunzi anajua karibu kila kitu kuhusu atakavyopimwa. Mhadhiri anagawa muhtasari wa somo, anataja vitabu, anasema jaribio la kwanza litakuwa lini. Katika vyuo vingi alama 40 hutoka kwenye kazi za muhula na 60 kwenye mtihani wa mwisho. Akianguka, ipo sapu, yaani mtihani wa marudio. Akianguka sana, atakeri, yaani atalirudia somo mwaka unaofuata. Hata kudisko, yaani kuondolewa chuoni, ambako kila mwanafunzi anakuogopa, kuna kanuni zake zilizoandikwa kwenye kitabu cha mwongozo.

Kazini, bosi anapita mezani asubuhi na kusema, "Niandalie ripoti ya mauzo ya Kanda ya Ziwa, Ijumaa niione." Basi. Hakusema kurasa ngapi, wala nani ataisoma, wala inakwenda kuamua nini. Mhitimu anaketi siku nne, anaandika kurasa 15 zenye utangulizi, historia ya kampuni, mapitio ya maandiko na hitimisho, kama tasnifu yake ya mwaka wa mwisho. Ijumaa bosi anafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, anaruka hadi wa mwisho, anauliza: "Mwanza tumeuza kiasi gani kuliko mwaka jana?" Takwimu hiyo imo, lakini imejificha ukurasa wa 11. Bosi alitaka ukurasa mmoja wenye tarakimu tatu na sentensi moja ya ushauri.

Kijana huyo si mvivu, wala si mjinga. Amejibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza, kwa sababu hajazoea kulitafuta swali. Chuoni swali huletwa limechapwa. Kazini nusu ya kazi ni kujua linaloulizwa. Anayelielewa hilo mapema huuliza mambo matatu kabla hajaondoka mbele ya bosi: hii inakwenda kwa nani, itamsaidia kuamua nini, na anaitaka ndefu kiasi gani. Dakika mbili hizo huokoa siku nne.

Katika ofisi za Serikali shida hiyohiyo huvaa nguo nyingine. Mtumishi mpya hukutana na masjala, majalada na dokezo. Dokezo lina mwendo wake: jambo gani limetokea, sheria au waraka unasema nini, ushauri wa mwandishi ni upi, na mwisho uamuzi unaombwa. Aliyetoka chuoni hukimbilia kueleza anavyojua na kusahau kuomba uamuzi. Jalada linapanda kwa mkuu wa idara na kushuka vilevile lilivyopanda, likiwa na maneno mawili ya wino mwekundu: "Unashauri nini?"

Kuna mgeuko mwingine ambao huwachanganya hata waliokuwa vinara darasani. Kwa miaka yote ya shule, kumuuliza jirani ndani ya chumba cha mtihani ni kosa la kufukuzwa. Kudesa, yaani kunakili majibu ya mwenzako, ni aibu. Mtu anajengeka kuamini kuwa jibu safi ni lile alilolipata peke yake. Akifika ofisini anakwama kwenye jedwali la kompyuta, na mwenzake aliyekaa hatua mbili kutoka kwake amelitumia miaka sita. Hamuulizi. Anaona kuuliza ni kujivua nguo. Siku mbili zinapotea, na wakati mwingine fedha za mteja pia. Msimamizi hatashangaa kwamba mtu mpya hakujua. Atakachouliza ni kwa nini alinyamaza.

Na ukimya una upande wa pili. Mwanafunzi amezoea kubandikiwa matokeo ukutani au kuyaona mtandaoni kila muhula. Kazini unaweza kupita mwezi wa tatu bila mtu kukuambia kama unafanya vizuri. Wengine hutafsiri ukimya huo kuwa sifa, wengine kuwa chuki. Mara nyingi si sifa wala chuki: bosi ana mambo yake. Kwenye utumishi wa umma Tanzania, mfumo wa kupima utendaji wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya OPRAS, unamtaka mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo na kuyapima. Kwenye kampuni ndogo isiyo na mfumo wowote, mwajiriwa mwenyewe ndiye wa kubisha hodi mwishoni mwa mwezi na kuuliza: nirekebishe nini?

Laki nane si laki nane

Kwa wengi, fedha za kwanza kubwa kupita mikononi mwao ni bumu, yaani fedha za chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kiwango chake kimekuwa shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Huja kwa mikupuo. Siku ya kusaini, vibanda vya chipsi karibu na hosteli hujaa hadi usiku. Wiki kadhaa baadaye watu wanapika ugali kwa zamu. Nidhamu ya bumu ni ya kungoja mkupuo ujao, na mkupuo ujao haukatwi kodi.

Mshahara una tabia nyingine. Tumchukulie mhitimu aliyesoma kwa mkopo, akaajiriwa na kampuni binafsi kwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Nyumbani wameshaambiwa: mtoto anapata laki nane. Mwisho wa mwezi hati ya malipo inasema hivi. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unachukua asilimia 10 ya upande wa mwajiriwa, yaani 80,000. Zinabaki 720,000, na hizo ndizo zinazotozwa kodi ya mapato. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kuanzia hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Na 200,000 zinazobaki hutozwa asilimia 20, ambayo ni 40,000. Jumla ya kodi ni 60,000. Kisha Bodi ya Mikopo huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nayo ni 120,000. Kinachoingia benki ni 540,000. Karibu theluthi ya mshahara imeondoka kabla mwenyewe hajaigusa.

Makato hayo si wizi, ingawa wengi huyapokea hivyo mwezi wa kwanza. Mchango wa NSSF huongezewa na wa mwajiri na kuwa akiba ya uzeeni. Deni la Bodi ni mali iliyokwisha kutumika darasani, na tangu 2021 halinenepi kama zamani, kwa kuwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa. Sheria inamtaka mwajiri aiarifu Bodi ndani ya siku 28 tangu amwajiri mnufaika, kwa hiyo anayedhani atajificha mwaka mmoja au miwili anajidanganya. Jambo la busara ni kuisoma hati ya malipo mstari kwa mstari, na mara kwa mara kuhakikisha kwamba michango iliyokatwa imefika NSSF kweli. Wako waajiri wanaoikata na kukaa nayo.

Nje ya ofisi, jiji linangoja. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango. Chumba cha 150,000 kwa mwezi, kwa hesabu ya miezi sita na dalali, kinahitaji 1,050,000 mpangaji hajanunua hata godoro. Hiyo ni karibu mishahara miwili ya mhitimu wetu. Ndiyo maana wengi huanza kazi wakiwa bado wanalala sebuleni kwa shangazi Mbagala au kwa kaka Kimara, wanaamka saa kumi alfajiri kuwahi mwendokasi au daladala, na kufika kazini wakiwa wameshachoka.

Halafu kuna ndugu. Kaya nyingi zina desturi kwamba mshahara wa kwanza, au sehemu yake nzuri, hupelekwa kwa wazazi ili wauombee baraka. Ni desturi njema. Tatizo ni mshahara wa pili, wa tatu na wa kumi, wakati ada ya mdogo wake, bati la nyumba ya bibi na matibabu ya mjomba vyote vinapomgeukia mtu mmoja. Ofisini nako kuna kadi za michango ya harusi zinazopita meza kwa meza, kikoba cha idara, na mchezo wa kupeana kila mwisho wa mwezi. Mtumishi wa umma asiye na wiki mbili kituoni tayari ameshafuatwa na wakala wa mkopo. Utaratibu wa Serikali unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato, lakini kinga hiyo haimzuii mtu kwenda kwenye mikopo ya riba kubwa ya mtaani, ile iitwayo kausha damu.

Matumaini haya ya jamii juu ya msomi yana historia ndefu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga kupelekwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima. Mpango ulikuwa kwamba baada ya mafunzo ya kambini mhitimu afanye kazi kwa muda akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara wake. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300, na papo hapo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walikubaliwa kurudi mwaka uliofuata. Ugomvi ulihusu mshahara ambao hakuna aliyekuwa ameupokea bado, na taifa zima lilijiona lina haki ya kusema neno juu yake. Leo hakuna anayekwenda Ikulu kwa jambo hilo; ugomvi uleule unafanyika kwa simu, kati ya mtoto aliyeajiriwa na familia iliyomsomesha.

Sheria inasemaje?

Wahitimu wengi husaini mkataba bila kuusoma kwa hofu ya kuonekana wasumbufu. Wengine hufanya kazi miezi bila mkataba, wakiambiwa "tuone kwanza." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi: cheo, mahali, saa, malipo. Saa za kawaida hazipaswi kuzidi 45 kwa wiki wala tisa kwa siku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara.

Kipindi cha majaribio ndicho kinachohitaji macho zaidi. Serikalini ni miezi 12, kisha mtumishi anathibitishwa kazini. Kwenye sekta binafsi hakitakiwi kuzidi mwaka. Na jambo ambalo wachache hulijua: aliye na chini ya miezi sita kwa mwajiri wake hana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki kama aliyo nayo mwenzake wa zamani. Aliyepita miezi hiyo na akaachishwa ana siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kenya ina hesabu yake: Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka majaribio ya miezi sita, yanayoweza kuongezwa kwa ridhaa ya mwajiriwa hadi 12, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka.

Kuyajua haya hakumfanyi mtu mgomvi. Kunamwezesha kutofautisha kati ya bosi mkali anayefundisha kazi na bosi anayemnyonya. Kwa mgeni, wawili hao hufanana sana.

Shikamoo ya ofisini

Elimu ya juu humpa kijana cheo kabla ya uzoefu. Mhandisi wa miaka 25 anapelekwa mradi wa barabara na kukuta msimamizi wa mafundi mwenye umri wa baba yake, aliyemwaga zege tangu kijana huyo hajazaliwa. Kwa karatasi, kijana ndiye mkubwa. Akianza kwa kutoa amri kama afande, atatiiwa kwa mdomo na kuachwa apotee kwenye vipimo. Akiacha kila kitu kwa mzee kwa sababu ya heshima, zege likipasuka ni saini yake iliyopo kwenye karatasi. Wanaofaulu huamkia kwanza, wakauliza, "Mzee, hapa mlikuwa mnafanyaje?", wakasikiliza, kisha wakaamua wenyewe na kuweka uamuzi kwenye maandishi.

Mwalimu mpya wa sekondari ana mtihani wake. Anaripoti kwa mkurugenzi wa halmashauri, anapangiwa shule kilomita nyingi kutoka barabara ya lami, na kidato cha sita kina vijana waliomzidi urefu na wanaomkaribia umri. Urafiki wa hosteli, wa kutaniana na kupigana kofi za mgongoni, unatakiwa ukome siku hiyohiyo.

Kundi la WhatsApp la ofisi nalo lina sheria ambazo hakuna aliyeziandika. Katuni iliyochekesha kundi la chuo saa sita usiku inaweza kumfikia mkurugenzi saa hiyohiyo. Umbea wa chai ya saa nne unavutia, kwani ndiko habari za kweli zilipo, lakini mgeni hajui nani ni shemeji wa nani. Miezi ya mwanzo masikio yafanye kazi kuliko mdomo.

Wenye daraja na wasio nalo

Baadhi ya taaluma zimekiri zamani kwamba shahada peke yake haitoshi. Daktari wa Tanzania akimaliza miaka mitano ya chuo huingia utarajali wa mwaka mmoja, akizunguka wodi za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi chini ya wakubwa wake, ndipo asajiliwe kikamilifu. Tangu 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaendesha mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu kwa wahandisi wahitimu, chini ya wahandisi waliosajiliwa. Mwaka 2017 Serikali ilitoa mwongozo wa taifa wa utarajali, na TaESA, chombo cha Serikali cha huduma za ajira, huwapeleka wahitimu wa fani mbalimbali kwa waajiri ili wapate uzoefu.

Daraja hilo kati ya chuo na kazi lina gharama, na ugomvi juu ya nani ailipe si mdogo. Nchini Kenya, kuanzia katikati ya Machi 2024, madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 56. Kiini kimojawapo kilikuwa madaktari watarajali: mkataba wa 2017 uliwapa zaidi ya shilingi 200,000 za Kenya kwa mwezi, Serikali ikataka kuwalipa 70,000. Swali lilikuwa kama mtarajali ni mwanafunzi anayefadhiliwa au mfanyakazi anayestahili ujira. Wagonjwa waliohudumiwa na watarajali hao usiku wa manane wasingepata shida kulijibu.

Nje ya taaluma hizo chache, wahitimu wengi wa biashara, uhasibu, habari, utawala na kompyuta hurushwa majini moja kwa moja. Fildi, yaani mafunzo ya vitendo, ya wiki nane waliyoifanya wakiwa chuoni mara nyingi ilikuwa ya kutoa nakala na kutumwa chai. Hapo ndipo lawama juu ya vijana hukosa haki. Mwajiri anayelalamika kwamba wahitimu hawaivi, huku hana mtu aliyepewa jukumu la kumpokea mgeni, hana maelezo ya kazi yaliyoandikwa na hana siku ya tathmini, anadai mavuno kwenye shamba asilolilima.

Kwa hiyo waajiri wafanye mambo mawili yasiyohitaji bajeti: wamtaje mtu mmoja wa kumlea mwajiriwa mpya kwa miezi mitatu ya mwanzo, na waandike kwenye karatasi wanachokitarajia kwake. Na mhitimu anayeanza kazi mwezi huu asingoje kupewa. Kabla ya mshahara wa pili awe na mkataba uliosainiwa, maelezo ya kazi yake, namba yake ya uanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii, na jina la mtu mmoja ofisini anayeweza kumuuliza lolote bila kuchekwa. Kama kimojawapo hakipo, aende akakiombe Jumatatu.